Imesimama

Bwera, mji wa Uganda mpakani mwa Kongo, ulimjua Geneviève Kavira kama mwanamke asiyembembeleza mbuzi wala mtu. Siku za soko zizi lake, nyuma kidogo ya machinjio, lilikuwa limejaa kabla umande haujakauka, naye amekaza kitenge kiunoni akimngoja mnunuzi wa kwanza wa kugombana naye. Ukimwambia mbuzi wake amekonda, alikuelekeza barabara ya mbugani ukajinunulie tembo. Alivuka mpaka wa Mpondwe akitokea Butembo baada ya vita kumchukua mumewe Sosthène, mwanawe Bénit mgongoni, na kitu pekee alichokuja nacho kikiwa kizima ni mdomo wake. Bénit amekua, siku hizi anatengeneza pikipiki huko Kitswamba. Mdomo uko vilevile.

Ndiyo maana watu walishangaa aliposhikamana na kazi ya mayai ya mbuzi.

Mbuzi ana mayai, usicheke. Hatagi tu. Yamo ndani ya vifuko viwili vidogo kama maharage, na mchinjaji huvitupa pamoja na uchafu wa tumbo bila kuvitazama mara mbili. Siku moja msichana aliyevaa mabuti ya mpira alifika machinjioni na chupa ya chai mkononi, akaomba apewe vifuko hivyo. Wachinjaji walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kumtazama vibaya, kwa sababu mtu anayetaka viungo vya uzazi na hataki nyama ana jambo lake. Msichana naye hakujua kubembeleza. Alizungumza kama anayeendesha gwaride.

"Jina yako nani?" Geneviève alimuuliza.

"Sylivia Biira."

"Biira? Na unasema Swahili ya basoda? Lhukonzo yako iko wapi?"

"Nimezaliwa barracks, mama. Baba ni mutu ya Rukoki, lakini alikuwa jeshi. Lhukonzo nasikia kidogo. Kuongea, hapana."

Geneviève alicheka hadi mbuzi wakageuka. Kwa wasemaji wa Lhukonzo wa upande wa Uganda, binti wa pili wa mama huitwa Biira. Upande wa Kongo ni watu wale wale, lugha ile ile, na binti wa pili huitwa Kavira. Wa kwanza ni Masika kotekote. Majina hayo hayachaguliwi na mtu, ni hesabu ya tumbo la mama, na hata Masika akifa mchanga, anayemfuata habebi jina lake. Hesabu hairudi nyuma. Kwa hiyo Kavira na Biira ni jina moja lililokatwa na mpaka, na Geneviève, aliyekuwa hana ndugu hata mmoja upande huu, alipata somo, mwenzake wa jina, palepale kwenye matope ya machinjio.

"Basi weye njo omonime yangu," alimwambia, akimaanisha kwa Kifaransa chao cha Butembo kwamba wanachangia jina. Akawageukia wachinjaji akawaambia kwamba atakayemnyima somo yake vifuko atatafuta mbuzi wa kuchinja kwingine. Tangu siku hiyo vifuko vilisafiri hadi Kasese ndani ya chupa ya chai, vikiwa na uvuguvugu wao. Baadaye Geneviève akapewa pia mbuzi wa mradi awafuge. Sylivia alikuwa omonime siku za furaha. Siku za hasira alikuwa afande.

Mradi wenyewe ulikuwa wa Daktari Lanyero, mwanamke mpole wa Kaskazini ambaye alikuwa na maabara ndogo mjini Kasese. Juu kwenye misitu ya Rwenzori anaishi funo, swala mdogo mwekundu asiyependa kuonekana, na mitego ya waya inammaliza. Jike mmoja aliletwa kwa walinzi wa mbuga mguu ukiwa umekatwa na waya, akafa mikononi mwao. Daktari alikata kipande cha ngozi ya sikio lake, akakiotesha maabara mpaka seli zikazaana, kisha akazigandisha katika vichupa. Alitaka kuona kama zinaweza kuwa funo tena. Yai la funo halikuwapo. Mayai ya mbuzi yalikuwapo tele.

Sylivia ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwa darubini, na ndiye aliyemweleza Geneviève, wamekaa juu ya ua wa zizi wakila mahindi ya kuchoma.

"Natoa kiini ya mbuzi ndani ya yai. Naingiza seli ya funo. Napiga umeme kidogo, inashikana. Halafu inaanza kugawanyika. Mbili, nne, nane."

"Kisha?"

"Kisha inasimama."

Na kweli zilikuwa zinasimama. Siku mbili za kwanza kiinitete hula akiba iliyowekwa na yai, hakifanyi lolote la maana isipokuwa kugawanyika. Siku ya tatu akiba inakwisha, na kiini kilichoingizwa lazima chenyewe kishike kazi. Geneviève alilielewa hilo bila kuelezwa mara ya pili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ilikuwa kwamba mgeni ni funo na nyumba ni ya mbuzi, mwenyeji anatoa maagizo kwa lugha moja na mgeni anayasikia kwa nyingine, na jembe linabaki limeegemea ukuta.

"Mimi walinipatia jembe siku ya kwanza," alisema Geneviève, ambaye hakuwa na huruma nyingi kwa wageni wavivu. "Uiambie ilime."

Maneno haya yote angeweza kuyaweka moyoni, lakini tulishasema kuhusu ule mdomo. Alitangaza kanisani, kwenye jumuiya yao, kwamba mbuzi wake atazaa funo. Alitangaza sokoni. Alimtangazia hata Semu, mzee wa Kiprotestanti aliyechoma nyama pale njia panda ya Kikorongo, ambako mabasi na malori husimama watu wale, na ambaye alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote.

"Hiyo itazaliwa siku punda inaota pembe," alisema Semu.

"Utaiona na macho yako. Utaomba kuibeba."

Hivyo heshima yake yote Bwera ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya mbuzi mmoja, na alijua. Lakini chini ya majigambo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitangaza. Alimwonea uchungu yule jike wa funo. Hakupenda kwamba mtu anaweza kukamatwa na waya njiani, na habari zake zote zikaishia hapo.

Awamu zikapita. Kila awamu Geneviève aliandaa mbuzi kwa dawa alizopewa, ili matumbo yao yawe tayari siku ambayo kiinitete kitakuwa tayari, na kila awamu siku ya tatu simu iliita. Sylivia hakujua kuzungusha maneno. "Mama, zimesimama," alisema, basi, na simu ikakatwa. Geneviève aliwafungulia mbuzi wake warudi na wenzao. Aliyazoea maneno hayo kama mtu anavyozoea kengele ya msiba.

Kisha kikabaki kichupa kimoja cha seli za funo. Kikiisha, yule jike ameisha. Na kwa bahati mbaya mbuzi wa akiba alikataa dawa, hakupata joto, kwa hiyo aliyekuwa tayari alikuwa mmoja tu, jike mweusi mwenye kichwa cheupe ambaye Geneviève alimwita Sista kwa sababu alifanana na watawa wa parokia. Sista alitengwa, akalishwa maganda ya ndizi na majani mabichi, na kila aliyepita alikatazwa kumgusa.

Siku ya tatu iliangukia Ijumaa, siku ya soko. Bwera ilikuwa imefurika watu wa pande zote mbili za mpaka, na simu za Bwera zina tabia ya kuhamia mtandao wa Kongo katikati ya mazungumzo bila kuaga. Simu ya Geneviève iliita akiwa ameshika pembe za beberu. Aliibana kwa bega.

"Mama, iko moja," sauti ya Sylivia ilisema, ikikatika. "Imesimama. Nasema imesimama."

Simu ikahamia Kongo.

Geneviève alimwachia beberu. Alikwenda akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Sista aliyekuwa anatafuna maganda kama mtu asiyekuwa na habari za dunia. Basi kichupa kimekwisha. Funo amekufa mara ya pili. Na watu wa jumuiya watauliza, na Semu atauliza.

Semu hakuuliza. Alifika muda mfupi baadaye na gari lake la mizigo akitaka mbuzi walionona, akamwona Sista, akamsifu. Geneviève hakubishana hata bei, jambo ambalo lingemtisha mtu mwenye akili. Alifungua kamba akamkabidhi.

"Mubebe. Sitaki kumuona tena."

Jua lilikuwa limepanda sana simu ilipoita tena, safari hii safi.

"Mama, Sista amekula?" Sylivia aliuliza. "Kesho asubuhi naleta gari. Usimpe chakula usiku."

"Gari ya nini?"

"Ya kumleta maabara. Tunapandikiza kesho."

"Munapandikiza nini? Ulisema imesimama!"

"Ndiyo, imesimama! Imepita nane, imepita kumi na sita, iko wima kabisa. Daktari ameangalia mara mbili, analia huyu."

Geneviève aliyatazama maganda ya ndizi aliyoyaacha Sista. "Afande," alisema taratibu. "Siku zote ukisema imesimama, ni kufa. Leo njo inakuwa kupona?"

"Zile zingine zilisimama, mama. Hii imesimama."

Haya, Kiswahili hicho. Mtu anayesimama amekwama, na mtu anayesimama yuko imara, na lugha yetu haioni haya. Sylivia, mtoto wa kambini, aliyelelewa na neno hilo likipigwa kila asubuhi kama filimbi, hakuwahi kufikiri kwamba lina pande mbili. Geneviève alikuwa ameufahamu upande mmoja tu, kwa sababu ndio pekee aliokuwa amepewa.

Simu ya Semu ilikuwa imezimwa. Geneviève aliwaachia majirani mbuzi wake wote, akaruka nyuma ya pikipiki ya kijana wa kwanza aliyemwona, naye akaambiwa Kikorongo, na akaambiwa asizungumze. Njia nzima upepo ulimpiga usoni na yeye alisali rozari kwa vidole bila rozari. Alimwomba Bikira Maria, kisha akamwomba Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea, kisha, kwa kuwa Semu ni Mprotestanti, akamwomba Mungu mwenyewe moja kwa moja.

Pale Kikorongo moshi ulikuwa umetanda na basi lilikuwa limeegeshwa, abiria wanatafuna. Juu ya ua wa Semu palikuwa na ngozi mbichi ya mbuzi mweusi.

Alilia, na hakujali nani anamtazama. Aliisogelea ngozi ile, akaikunjua upande wa shingo akitafuta weupe wa kichwa, na hakuuona. Ilikuwa nyeusi tupu. Ndipo aliposikia mlio nyuma ya kibanda, akazunguka, akamkuta Sista amefungwa kwenye nguzo akila karatasi ya biskuti.

Semu alitokea na kisu mkononi. Geneviève alisimama katikati ya kisu na mbuzi.

"Huyu unarudisha."

"Nyabo, mimi nimenunua. Basi ya Kampala inakuja, nitawapa nini? Maombi?"

"Semu, sikia. Imesimama. Si ya kufa, ya kupona. Yai imepokea jembe. Iko inalima, sasa hivi, kule Kasese, na mama yake ni huyu mwenye uko unataka kuchoma. Hakuna mwingine. Kesho ni kesho."

Semu alimtazama. Alikuwa amezoea kumwona amekasirika. Akiwa na machozi hadi kidevuni, hakuwa amezoea. Alifuta kisu kwenye aproni, akakuna shingo.

"Na ikizaliwa, mimi nitakuwa nani yake?"

"Parrain, baba ya ubatizo. Utaishika."

"Sisi hatuna parrain kanisa yetu."

"Kwa hii utakuwa naye."

Semu alifungua kamba mwenyewe. Abiria wa basi la Kampala siku hiyo walikula kuku, na walilalamika.

Kesho yake asubuhi kiinitete kile, kidogo kuliko punje ya chumvi, kiliwekwa ndani ya tumbo la Sista. Geneviève alipiga marufuku lile neno. Alimwambia Sylivia kwamba akilisikia tena kinywani mwake, kwa heri au kwa shari, atamfukuza kwenye jina. Kwa hiyo siku mashine ya picha ilipopitishwa juu ya tumbo lililonyolewa, na kwenye kioo kikatokea kidoa kinachopepesa, Sylivia aliduwaa akitafuta la kusema.

"Moyo inapiga," alisema mwishowe.

Daktari Lanyero alisema wasishangilie mapema, kwamba mimba za namna hii hupotea kwa urahisi, na kwamba kufika hapo peke yake ni jambo kubwa. Geneviève alimsikiliza kwa adabu, kisha akaenda kushangilia. Jumuiya ilishangilia naye. Kuna waliosema ni dhambi kuchanganya vya Mungu. Akawauliza kama nyumbu wa Butembo, watoto wa punda na farasi, waliokuwa wanabeba kahawa ya baba zao walikuwa dhambi.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, alfajiri moja, alimkuta Sista amesimama kwenye kona ya zizi kichwa chini. Kwenye majani palikuwa na kitu chekundu, kidogo, kimekunjana. Kilikuwa na kwato. Kwato zenyewe hazikuwa kubwa kuliko punje za mtama, lakini zilikuwa kwato. Geneviève alipiga magoti. Alipompigia Sylivia, alivunja marufuku yake mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na neno jingine.

"Omonime," alisema. "Ilisimama. Kisha ikasimama."

Upande wa pili Sylivia alipenga kamasi. Halafu sauti ya gwaride ikarudi.

"Mama, usizike. Ifunge kwa kitambaa safi, weka kwa baridi, si kwa barafu. Kuja sasa hivi. Usilie njiani, utachelewa."

Alifika maabara. Alikuwa na hakika anapeleka maiti, na alikasirika kuona Sylivia na Daktari wanapokea kitambaa chake kwa haraka kama watu wanaopokea mkate. Walikata kipande cha ngozi, kidogo kuliko ukucha, wakakiweka kwenye sahani ya maji yenye rangi ya waridi. Wakamwambia arudi nyumbani. Akarudi, na kwa majuma kadhaa hakumtangazia mtu chochote, na watu wa soko wakaanza kuwa na wasiwasi naye.

Walipomwita tena, Sylivia alimkalisha kwenye kiti chake, mbele ya darubini. Ndani kulikuwa na vitu vyembamba vimelala sambamba, vingi, vikibanana.

"Hii ni nini?"

"Funo. Ngozi ya ile kitoto. Seli zimekubali, zimejaa sahani, nimehamisha, zimejaa tena." Alifungua mtungi wa baridi, mvuke ukatoka, akainua rafu. Ilikuwa imejaa vichupa. "Ilibaki moja, mama, unakumbuka? Sasa nimechoka kuandika lebo. Na hizi si kama zile za kwanza. Hizi zimekwisha kulala ndani ya yai ya mbuzi, zimelala ndani ya tumbo ya mbuzi. Labda jembe zinaijua. Daktari anasema labda. Mimi nasema zinaijua."

Geneviève alirudi kwenye darubini akatazama tena, muda mrefu, mpaka jicho likamuuma.

Jioni Sylivia alimsindikiza kwa gari la mradi, wakasimama Kikorongo kula. Semu aliwaletea nyama na ndizi, akakaa nao, akasema pole yake.

"Wasingya," Geneviève alishukuru kwa Lhukonzo. "Nimeipatia jina. Ilikuwa mutoto mwanamuke. Inaitwa Masika."

"Mimba ikitoka haipewi jina, nyabo. Hiyo haihesabiki."

"Hii nahesabu mimi. Ilikuwa na miguu, ilikuwa na moyo, niliiona ikipiga. Ni Masika. Yenye itakuja, itakuwa Kavira."

"Ama Biira," alisema Sylivia.

"Ama Biira. Tutaona itazaliwa upande gani."

Walikula. Basi lilipita bila kusimama. Sylivia alichokoa mfupa kwa kisu, kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya gwaride hata kidogo, "Masika wenu, mama, yuko Butembo?"

"Alikufa mbele mimi nizaliwe. Sikumuona ata siku moja."

"Wetu pia. Kaburi iko Rukoki. Baba alikuwa ananipeleka kufyeka majani."

Geneviève aliacha kutafuna. Miaka yote hiyo ya kuitana kwa jina moja, hawakuwa wameulizana. Alimtazama somo yake mwenye mabuti, akaunyoosha mkono wenye mafuta ya mbuzi, akamshika mkono.

"Njo unaona," alisema. "Ata vile, tulikuja."

Semu aliinuka akaenda nyuma ya kibanda. Walidhani amekwenda kuongeza kuni. Alirudi akivuta jike la kijivu lililokuwa lichinjwe jioni ile kwa ajili ya basi la usiku, akamwekea Geneviève kamba mapajani.

"Huyu amezaa mara mbili na hajapoteza," alisema. "Mpeleke. Parrain ni mimi, sindio?"